Baba Hakupitia Mlangoni

Nilipokuwa mtoto sikuwahi kula ugali wa moto siku ya Jumamosi. Siku nyingine sita, ndiyo, tena wa kuunguza vidole. Jumamosi, hapana. Na aliyeninyima si umaskini, ni bibi yangu mzaa baba, ambaye kabla ya mtu yeyote kugusa chakula cha mchana ilikuwa lazima kwanza awalishe wafu wake kumi na mmoja. Tulikaa St Marys, magharibi ya Sydney, nyumba ya kupanga ya matofali mekundu, karibu na reli. Desturi ile Bibi aliitoa kwao Fizi, Kongo, akakaa nayo kambi ya wakimbizi Kigoma miaka yote tuliyokaa kule, kisha akapanda nayo ndege. Uwanja wa ndege wa Sydney walimnyang'anya dagaa wake na mbegu zake za maboga. Hiyo hawakuiona.

Ngoja niieleze, maana mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Bibi alijifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi. Akachukua kisahani cha bati, tonge la ugali na sombe kidogo, yale majani ya muhogo ya kutwanga, akachuchumaa mbele ya jiko. Kwao jiko lilikuwa mafiga matatu na majivu. Huku lilikuwa oveni ya umeme yenye mlango wa kioo, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Akaanza kuita majina, moja moja, polepole, na kwa kila jina akadondosha kipande cha ugali kisahanini. Wakati wa kuita ilikuwa marufuku kusema, kukohoa, kupiga chafya au kuburuta kiti. Sauti yoyote ikitokea, Bibi alifumba macho, akashusha pumzi, akarudi jina la kwanza.

Sasa hebu fikiria nyumba yenye watoto wawili wenye njaa. Simu ya Mama ikilia, tunaanza upya. Mdogo wangu Espoir, ambaye Kiswahili alikisikia chote lakini akajibu Kiingereza tu, akisema "Mum, I'm starving", tunaanza upya. Siku moja sombe liliungua, king'ora cha moshi kikalia darini, Bibi akaanza mara nne, na mara ya nne Espoir alikuwa amelala juu ya meza. Jioni kisahani kilimwagwa chini ya mlimau nyuma ya nyumba. Wale wanyama wa mitini wa huku, wenye mikia minene, walikuja wakala, na Bibi akipaona pametakata alisema, "Wamepokea." Kuna siku nilimwonyesha kinyesi chao. Akasema marehemu hawana aibu.

Mama naye alikuwa mkuu wa wahudumu wa kanisa letu, lile lililokuwa likikodi ukumbi wa shule kila Jumapili, Wakongo na Warundi pamoja, mahubiri ya saa tatu nzima na vipaza sauti juu. Mchungaji alishasema mara nyingi kwamba kulisha wafu ni kuyafungulia mapepo mlango. Kwa hiyo Jumapili tulikuwa washirika wa mbele kabisa, na Jumamosi tulikuwa na kisahani. Mama alisimama kila Jumamosi kwenye mlango wa jikoni, amekunja mikono.

"Mama, hawa watu wamekufa," alimwambia Bibi. "Hawali."

"Ungekuwa wewe ndiye umekufa, ungesema hivyo?"

Mama aligeuza uso. Lakini hakuondoka pale mlangoni, na ilinichukua miaka kuelewa kwa nini.

Katika wale kumi na mmoja, watatu walikuwa watoto wa Bibi wa kuzaa. Mtoto wake wa nne alikuwa baba yangu, Wilondja. Huyo alitupotea siku tulipokimbia vita kuvuka ziwa. Mtumbwi wetu ulijaa, akabaki ufukweni akisema atakuja na unaofuata, na unaofuata haukuwa na yeye. Mimi nilikuwa na miaka minne, Espoir alikuwa tumboni. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyemwona tena akiwa hai. Basi Bibi hakumwita. Kila Jumamosi, baada ya jina la kumi na moja, alifunga mdomo wake kwa nguvu, na mimi nikasikia Mama pale mlangoni akiachia pumzi. Alikuwa akija kuhakikisha. Yeye asiyeamini alisimama pale kila wiki kuhakikisha mumewe hajaitwa.

Bibi alituonya mapema, mimi na Espoir. "Anayeitwa kwenye kisahani hiki huitika. Ukimwita aliye hai, naye ataitika, atakuja kula na wafu. Na akishakula nao, hata akirudi kwake, wenzake wanamfuata. Akipita mlangoni wanaingia naye, na wakitoka wanatoka naye. Mnasikia?"

Tulisikia. Nilikuwa nasikia harufu ya samaki vilevile, nikitaka amalize.

Nilipofika darasa la saba tukaanza kusoma Roma ya kale. Mwalimu wetu wa historia, Miss Hanrahan, mwanamke mrefu aliyekuwa akiungua jua hata wakati wa baridi, alitueleza kwamba Warumi walikuwa na ibada za hadharani na ibada za nyumbani. Za hadharani ndizo zile za mahekaluni, makuhani wanachinja ng'ombe mbele ya umati wa watu. Za nyumbani, baba wa familia ndiye aliyekuwa kuhani, na moto wa jikoni ndio uliokuwa patakatifu. Alijifunika kichwa kwa nguo. Kila mlo ulikuwa na sehemu ya miungu walinzi wa nyumba. Tonge likianguka sakafuni si la kuokotwa na kuliwa, ni la wahenga. Na mlango mmoja tu ulikuwa na miungu watatu: mmoja wa ubao, mmoja wa bawaba, mmoja wa kizingiti. Kisha akasema kuhani akikosea neno moja, au hata panya akilia, ibada inarudiwa toka mwanzo. Ndiyo maana waliweka mpiga filimbi karibu, azibe sauti nyingine zote.

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa hofu kwamba mtu atanitazama usoni. Moyoni nilikuwa nasema, loo, kumbe hata Kaisari alikula kimepoa. Na tena nikawaza: mpiga filimbi! Sisi tulikuwa na king'ora cha moshi.

Miss Hanrahan akatupa kazi ya kutengeneza madhabahu ya nyumbani kwa boksi la viatu. Nikachora humo miungu wawili wanaocheza, mwenye nyumba katikati amejifunika kichwa, na chini nyoka wawili, maana Warumi waliwachora nyoka kama walinzi. Nikaiweka juu ya friji ikauke. Bibi akaiona.

"Nyoka? Ndani ya nyumba? Hawa wazungu walikuwa wachawi?"

"Ni Warumi, Bibi. Zamani."

"Wale waliomsulubu Yesu?"

"Hao hao."

Akasonya. Akaizunguka friji, akaitazama upande huu na upande ule. "Na wanakula nini?" aliuliza. Nikamwambia maua, uvumba, keki, divai kidogo. Jumamosi ile, nakuapia, nilikuta kipande cha ugali ndani ya boksi langu la shule, kimegandamana na rangi. Alama zangu zilipungua kwa sababu hiyo, na Bibi alipoambiwa alisema si heri kumdharau mgeni hata kama ni mchawi.

Julai ya mwaka ule mafua yalimshika Bibi, sauti ikapotea kabisa. Akawa anasema kwa mikono na kwa mwiko. Jumamosi ilipofika nilifurahi, nikajua leo tutakula. Nilisahau ni nani ninayekaa naye. Bibi aliniita kwa kidole, akanifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, akaniwekea kisahani mkononi, akanielekeza kwenye jiko. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mwanawe. Majina niliyajua, nani asingeyajua baada ya kuyasikia mara zote hizo?

Nikachuchumaa. Nikaita la kwanza, la pili, la tatu. Espoir alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza maishani mwake, amenitolea macho. Mama yuko mlangoni. Nikafika la kumi na moja, na kipande kimoja cha ugali kilikuwa kimebaki mkononi. Nikasema, "Wilondja." Nikakidondosha.

Bibi hakuwa na sauti ya kunizuia. Alipiga mwiko kwenye sufuria, pa! Lakini nilikuwa nimeshasema. Mama alitoka pale mlangoni akanizaba kofi la kunigeuza kichwa. Mama huyuhuyu, wa "hawali". Hakuwahi kunipiga kabla na hakunipiga tena.

"Nimeteleza," nilisema nikilia. "Nimeteleza, nilidhani bado kuna mmoja."

Sikuteleza. Niseme leo, maana nimeshakuwa mtu mzima na mwenye watoto wangu wawili. Nilikuwa nimechoka. Shuleni kila fomu iliuliza jina la baba na simu ya baba, na mimi kila mara naandika "sijui" kama mtu asiye na akili. Nyumbani simu ya Mama haikuguswa na mtu, eti huenda akapiga. Picha yake hatukuwa nayo, uso wake siukumbuki, na maisha yetu yote yalikuwa yanamsubiri. Wenzangu waliofiwa na baba zao walilia, wakaletewa chakula, ikaisha. Nilitaka na yetu iishe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilimwua baba yangu kwa tonge la ugali ili nipate kupumzika.

Jioni ile nilimwuliza Bibi kama turudie, kama tunavyorudia siku zote mtu akikosea. Akatikisa kichwa. Sauti iliporudi siku ya tatu, neno lake la kwanza lilikuwa hilo. "Jina ukiliruka, unarudi kuliokota. Ukiliongeza, umeshaalika. Maji yakimwagika hayazoleki."

Miezi miwili baadaye simu ya Mama ikalia. Alikuwa mtu wa ofisi moja ya Fairfield, wale wanaowatafutia watu jamaa zao waliopotea. Wilondja amepatikana. Yuko hai, yuko Kigoma, kambi ileile tuliyoiacha sisi, alifika mwaka mmoja baada ya sisi kuondoka. Mama alipiga kelele mpaka jirani Msamoa akaja na rungu akidhani tumevamiwa. Tukarukaruka. Espoir aliyekuwa hamjui kabisa naye akaruka. Bibi peke yake ndiye alikaa chini polepole, mikono juu ya magoti, akanitazama mimi.

"Ameitika," alisema.

Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza hasa, kwa sababu viza ilichukua miaka mitatu. Miaka mitatu! Karatasi zinatoka, zinarudi, wanataka cheti cha ndoa kilichochomwa moto pamoja na nyumba, wanataka vipimo vya damu, wanataka picha nyingine maana ile ya kwanza alitabasamu. Kila barua mbaya ilipokuja, Bibi alivuta midomo na kusema, "Si ameshikwa kule? Aliyeitwa na wafu anatembea na mzigo." Baba alipougua malaria, ni mimi. Walipopoteza faili lake, ni mimi. Nilimwambia mara moja kwa hasira kwamba wanaopoteza mafaili ni makarani, si marehemu. Akaniuliza nani aliyewapa makarani usahaulifu.

Na juu ya yote alisema siku Wilondja akija hatapita mlangoni. Mama alimjibu, "Tutaona, Mama," kwa sauti ile ya kufunga mjadala, akidhani furaha itamlainisha.

Mimi nilijua hatalainika. Ndiyo maana siku moja baada ya kipindi nilimwendea Miss Hanrahan. Nilimwuliza Warumi walifanyaje kama mtu wamemfanyia ibada za wafu, halafu akarudi mzima. Akacheka, akasema hajui, atatafuta. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi aliyoitoa nakala kitabuni. Mtu aliyesemekana amekufa nchi ya mbali, kisha akarudi, Warumi hawakumpitisha mlangoni. Walimpandisha juu ya paa wakamshushia ndani. Nilisoma karatasi ile mara tatu, nikaikunja nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu yeyote. Ningemwambia nani? Kichwa cha Bibi kilikuwa na mambo ya kutosha bila kuongezewa ya Warumi.

Baba alifika asubuhi ya Ijumaa, mimi nina miaka kumi na mitano. Mama na Espoir walikwenda kumpokea pamoja na Mchungaji na magari mawili ya washirika. Mimi nilibaki na Bibi kupika. Alichinja kuku, akachambua mchele, akapiga deki mara mbili. Saa tano tukasikia honi barabarani, wanakwaya wanaimba tangu ndani ya gari. Bibi akafuta mikono, akatembea mpaka mlango wa mbele, akaufunga kwa ufunguo. Akaenda wa nyuma, akaufunga. Funguo akazitia kifuani.

"Bibi, tafadhali."

"Nilisema."

Walipogonga, alisimama nyuma ya mlango bila kufungua. Mama aliita kwa upole, kisha kwa nguvu, kisha akaanza kulia kwa hasira. "Mama! Amesafiri siku mbili! Ni mtoto wako wa kuzaa!"

"Ndiyo maana," alisema Bibi.

Mchungaji akakaribia mlango. Alisema kwa sauti ya mimbarini kwamba hizo ni roho za giza, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba kwa jina la Yesu mlango ufunguke. Mlango haukufunguka. Nilichungulia kwenye pazia. Kwenye nyasi walikuwa wamesimama watu kama ishirini wenye maua na maputo, na katikati yao mwanamume mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye, ameegemea mguu mmoja. Nilimtazama kutafuta kitu ndani yangu. Sikupata kitu.

"Mama," yule mtu alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, ni mimi."

Hapo nikageuka nimfokee Bibi, nimwambie yote niliyoyameza miaka mitatu, na nikakuta amebandika kiganja chake kwenye ubao wa mlango, upande wa sauti ile. Machozi yanashuka mpaka kwenye kanga.

"Nimezika kumi na mmoja," aliniambia kwa kunong'ona. "Watatu nimewazaa. Huyu akipita hapa watamchukua. Huyu simziki, Faida. Bora akae nje nimwone kwa dirisha."

Kumbe hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa. Na aliyemtia hofu hiyo ni mimi, kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kupumzika.

"Bibi," nilisema, "Warumi walikuwa na dawa ya hii."

"Warumi gani tena?"

"Wale wale. Mtu wakishamfanyia ya wafu, akirudi, hawampitishi mlangoni. Wanampitisha juu ya paa."

Bibi akaondoa kiganja mlangoni. "Hawana akili wale," alisema. Kisha akafuta pua. "Na aliyepitia huko, alikufa?"

Karatasi haikusema. "Hakufa," nilisema. "Aliishi mpaka akazeeka."

Bibi alitazama dari. Nami nikaitazama. Nikaona vigae, nikaona wakala wa nyumba na ukaguzi wake wa kila miezi mitatu, nikamwona yule mtu na mguu wake mbovu. "Dirisha pia linafaa," nilisema haraka. "La chumba cha kufulia. Mle mna maji ya kumwosha."

Akafikiri. Nadhani ni yale maji yaliyomshawishi. "Mwambie azunguke," alisema.

Nikafungua dirisha la sebuleni nikawaambia watu walioko nje. Sitasahau uso wa Mchungaji. "Mtoto, umesema Warumi?" aliuliza. "Mimi napambana na upagani wa Fizi miaka yote hii, sasa mnaniongezea na wa Roma?" Mama alisema hajali, awe wa Roma, awe wa Mwezini, mumewe aingie ndani akae kwenye kiti. Na yule mwanamume aliyechoka akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti. "Mama hajabadilika," alisema. "Nionyesheni hilo dirisha."

Espoir akabandua wavu wa mbu kwa kisu cha siagi. Wanaume wawili wa kwaya wakamwinua Baba kutoka nje. Ndani kulikuwa na mimi tu, nimepanda juu ya mashine ya kufulia, na Bibi chini yangu ametandaza kitenge kipya kwa mikono miwili, kama wakunga wanavyosubiri. Dirisha lilikuwa jembamba. Kichwa kikaingia, mabega yakakwama.

"Vuta, binti," alisema. Uso wake ulikuwa kiganja kimoja kutoka usoni kwangu. "Usiogope, vuta."

Nikamshika kwapani nikavuta. Alinuka ndege na jasho na sabuni ya kambini ambayo sikujua kama naikumbuka. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Nilivuta, nikavuta, nikalia, nikamwambia sukuma na wewe bwana, kwa ukali kabisa, na akasema haya mama, nasukuma. Mara akachomoka, akaniangukia, mashine ikabonyea kwa kishindo, na sote wawili tukateremka kwenye kitenge cha Bibi. Bibi akamfunika mpaka kichwani. Akafungulia bomba, akamnawisha uso, shingo, mikono, kama mtoto wa siku moja, akimwita jina lake kwa sauti kubwa, "Wilondja! Wilondja! Wilondja!", mpaka walioko nje wakapiga vigelegele. Kisha akatoa funguo kifuani akanipa nikawafungulie wengine. Mchungaji alipita mlangoni na kula sahani tatu.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita, kwa uzee, akiwa na hakika kwamba ni yeye na Warumi waliomwokoa mwanawe. Baba yuko. Anafanya kazi kwenye ghala moja karibu na Port Botany, anakoroma, anabishana na televisheni. Mwaka jana gari lake lilipoharibika nikawa nampeleka kazini, na siku moja tumekwama kwenye foleni ya barabara kuu nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile. Nilimwambia sikuteleza, nilimwita makusudi, nilikuwa nimechoka kumsubiri.

Alizima redio ya gari. Nikajua nimeharibu kila kitu.

"Mwaka wa tano tangu mtumbwi ule," alisema, "kambini hakuna aliyejua mliko, nikapeleka majina yenu kwa mchungaji wa huko. Lako, la mama yako, la Bibi, na la mtoto nisiyejua ni wa kike au wa kiume. Yakasomwa pamoja na ya marehemu. Nikanyoa nywele, nikakaa matanga peke yangu siku tatu. Niliona ni bora nijue mmekufa."

"Mbona hukusema siku ile ya dirisha?"

"Bibi yako? Angetutoa wote nje, tuingie mmoja mmoja."

Tulicheka, na gari la nyuma likatupigia honi. Lakini nimeliwaza sana tangu siku hiyo. Tulizikana, mimi na yeye, kila mmoja upande wake wa bahari, kwa kuchoka tu. Wote waliokuwa kwenye nyasi zile, na maua yao, walitaka aingie kama mtu aliyetoka dukani. Angeingia mlangoni ningempa mkono, ningemwita Baba kwa adabu, na ningeendelea kuwa mtoto wa marehemu. Yule kikongwe msumbufu, aliyeniharibia Jumamosi zangu zote, ndiye peke yake aliyekataa kujifanya kwamba hakuna aliyekufa. Sikumshukuru hata siku moja. Mpaka anaingia kaburini nilikuwa bado nimemkasirikia kwa kunitwika lawama za viza.